Kitabu Kilichotoka kwenye Mfuko wa Koti

Belo la mitumba lilikatwa saa kumi kamili alasiri. Sina shaka na saa hiyo, kwa sababu fundi cherehani aliyekuwa jirani yetu pale sokoni Majengo alikuwa na redio ya betri, na ngoma ya taarifa ya habari ilianza kulia wakati shangazi anapitisha kisu kwenye mkanda wa plastiki. Belo likafutuka. Yalikuwa makoti, na yalitoa harufu ya dawa, vumbi na sanduku lililofungwa muda mrefu.

Nimeikuta harufu hiyo tena hivi karibuni, kwenye meza ya mama mmoja anayeuza mashuka ya mitumba. Nilisimama pale hadi akaniuliza, "Baba, unachagua au unapumzika?" Nikanunua shuka ambalo sikulihitaji. Nilipofika nyumbani nikaona afadhali niandike habari yote kwa mpangilio, kwa sababu nimekuwa nikiikumbuka vipande vipande, na vipande havisemi ukweli.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha pili katika shule ya serikali ya kutwa. Kwetu ni kijijini, mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka mjini. Baba na mama walilima mahindi na ulezi, na kwa kuwa karibu na kwetu hapakuwa na sekondari, nilipelekwa mjini, mtaa wa Malangali, kukaa na dada yake baba. Shangazi alikuwa mjane. Watu walimwita Mama Gaude, kwa jina la mtoto wake wa pekee, Gaudensi, aliyekuwa kidato cha nne.

Gaude hakuchaguliwa shule ya serikali alipomaliza darasa la saba. Miaka michache kabla ya hapo habari ingeishia hapo. Lakini mambo yalikuwa yamefunguliwa: mahindi yalinunuliwa na mtu yeyote mwenye lori, nguo zilikuja kwa mabelo kutoka Ulaya, na shule za kulipia ziliota hata mjini kwetu. Shangazi aliacha jembe akaanza kuuza mitumba kwa sababu moja tu, na sababu hiyo aliitaja kwa kila mteja aliyeomba punguzo. "Hii si bei yangu, baba," alikuwa akisema. "Hii ni bei ya kidato cha nne."

Siku ya belo kazi yangu ilikuwa kupekua mifuko kabla makoti hayajatundikwa. Nilikuwa nimeshakuta vitambaa vya kufutia pua, tiketi, sarafu za nchi za watu, na mara moja jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi. Siku ile, katika mfuko wa ndani wa koti la kijivu, nilikuta kitabu. Kilikuwa kidogo, cha Kiingereza, hakina jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka. Kilianza ukurasa wa kumi na tisa, katikati ya sentensi. Pembeni mwa kurasa nyingi palikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu, ya mkono uliolalia kushoto.

Shangazi hakujua kusoma, ila aliheshimu karatasi. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza.

"Cha dini?"

"Sijui bado, Shangazi."

"Kisome. Ukiona cha matusi, tuwashie moto."

Nilikisoma kwa utaratibu, kama nilivyofanya kila kitu, na kama ninavyofanya hadi leo. Nilikuwa na kamusi ya kuazima shuleni na daftari. Nilitafsiri nusu ukurasa kila jioni, na siku ya Jumamosi ukurasa mzima. Baada ya wiki tatu nilijua kwamba anayesema ni kijana wa miaka kumi na sita. Alikuwa amefukuzwa shule na hakuwaambia wazazi. Kila asubuhi alivaa sare, akapokea mkate ambao mama yake alimfungia kwenye karatasi, akatoka kana kwamba anakwenda darasani, akaenda kukaa kwenye makaburi ya mji wao hadi saa ya kurudi. Alimsema vibaya kila mtu. Mwalimu wake alikuwa mnafiki, dada yake mjinga, kasisi wa mtaa alinuka kitunguu. Alisema hajali lolote. Lakini mikate aliihesabu. Mkate wa kumi na moja, mkate wa kumi na mbili, huu una jamu, huu mama amesahau chumvi.

Hapa lazima nieleze kosa langu, kwa sababu halikuwa kosa la kijinga, lilikuwa na mantiki yake. Mimi sikujua kwamba ile ni riwaya. Hadithi nilizozijua ziliwahusu wanyama au wafalme, na aliyezisimulia hakuwamo ndani. Kwetu mtoto akianza sentensi tatu mfululizo kwa kusema "mimi" huambiwa akae chini. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo nilijua mtu husema mimi nilidanganya, mimi nilimpiga mwenzangu, mimi nilimchukia dada yangu, bila mtu kumkatisha: kwenye kiti cha maungamo. Na huko, kama kitabuni, yupo mwingine anayesikiliza na kuuliza. Mkono wa bluu uliuliza: Kwa nini hamwambii mama? Hii ni kweli? Mara ngapi? Hayo hasa ndiyo maswali aliyoniuliza padri wetu kila mwezi.

Ukurasa wa mwisho, uliokuwa mtupu, mkono ule ulikuwa umeandika mistari mitatu, mmoja chini ya mwingine. Anadanganya. Hana mtu. Anataka akamatwe. Leo najua kwamba yule alikuwa mwanafunzi fulani mahali fulani, anapanga insha ya mwalimu wake kuhusu kijana msumbufu wa kwenye kitabu. Wakati ule niliona ni padri anayetafuta malipizi yanayomfaa mwenye dhambi, na nikaona malipizi ya kukamatwa ni makali lakini ya haki.

Mimi nilikuwa mtumikiaji altareni, na nilikuwa hodari katika mafundisho. Katekista wetu, mwalimu mstaafu aliyevaa tai hata siku ya kuchoma nyasi, alikuwa ametufundisha kwamba siri ya maungamo haimfungi padri peke yake. Hata aliyepita nje akasikia kwa bahati mbaya, naye amefungwa. Kwa hiyo nilijua kwamba nimefungwa. Ningepaswa kuacha kusoma, ila nikajitungia sheria: madamu nimeshasikia nusu, naweza kusikia na nusu iliyobaki, mradi nisimwambie mtu. Nilikificha kitabu chini ya godoro.

Gaude alikikuta. Tulilala chumba kimoja. Ilikuwa Jumapili, mvua inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya kitanda na daftari langu.

"Padri, unaficha nini?" Aliniita Padri tangu nilipoanza kutumikia.

"Si kitu."

"Lete hapa."

Alininyang'anya, akalala chali na viatu vyake, akaanza kusoma. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mwanzoni alicheka. Alifungua huku na huku, akarudi nyuma, akasoma tena. Alipofika kwenye mikate akaacha kucheka.

"Huyu mshikaji kila siku anakwenda shule," alisema, "na shule hana."

"Usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Anaungama. Tukisema tunatenda dhambi."

Gaude aliketi. Aliniangalia kwa muda, na sasa naamini alikuwa anaamua kama anirekebishe. Hakunirekebisha. "Kwa hiyo wewe umefungwa mdomo."

"Nimefungwa."

"Hata Mama akikushikia mwiko?"

"Hata akinishikia panga."

"Kumbe nalala na padri kweli." Akashuka kitandani, akapiga magoti juu ya gunia la maharage lililokuwa pembeni ya ukuta, akaweka mikono kama mtoto wa Komunyo ya Kwanza. "Nibariki Padri, kwa kuwa nimekosa."

Nilimwambia aache. Akacheka, kisha kicheko kikaisha, lakini yeye hakuinuka. Akaanza kusema akiwa amepiga magoti vilevile, bila kuniangalia.

Wiki mbili kabla ya siku ile mama yake alimpa ada ya muhula pamoja na ada ya mtihani wa taifa, zote taslimu, akazipeleke shuleni mwenyewe kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya soko. Hakuzipeleka. Alikuwa na rafiki ambaye kila wiki alimweleza jinsi watu wanavyoshuka Kirando na mtaji mdogo, wananunua dagaa ziwani, wanapanda nao huku juu, na pesa inarudi mara mbili. Alitaka mara mbili hiyo. Wangekwenda Ijumaa, wangerudi Jumapili, ada ingelipwa Jumatatu na faida ingebaki. Walinunua magunia mawili. Dagaa wa mvua hawakauki vizuri, na wao hawakujua namna ya kutia mkono katikati ya gunia kupima unyevu. Lori likakwama siku mbili kwenye mpando kwa sababu ya tope. Walipofungua magunia huku juu, yalikuwa yanatambaa funza. Walimuuzia mfuga bata.

Shuleni walimwambia asirudi bila pesa. Tangu hapo alikuwa anatoka kila asubuhi na sare, na viazi alivyofungiwa na mama yake, akienda kukaa nyuma ya ghala la zamani la ushirika, lililokuwa tupu tangu wanunuzi binafsi walipoingia. Mwisho wa kulipia mtihani ulikuwa Ijumaa iliyofuata, saa nane mchana. Baada ya hapo majina yangepelekwa, na ambaye jina lake halimo angekuwa amesoma miaka minne bure.

"Mwambie Shangazi," nikasema. "Makoti yanauzika. Ana pesa ya belo jingine."

"Nimwambie nini? Kwamba nimelisha bata?"

Nikamuuliza kama padri angeuliza. "Unajuta?"

"Nawajutia dagaa."

"Gaude."

"Najuta, Padri. Nipe malipizi."

"Salamu Maria tatu."

"Bei nafuu," alisema, akainuka, akapangusa magoti. Mlangoni akageuka. "Na wewe ole wako useme."

Zilikuwa zimebaki siku tano. Nataka msomaji aelewe kwamba nilijua hesabu hiyo. Sikusahau hata siku moja, na wala sikuwa namchukia Gaude. Nilikuwa nampenda. Ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu kwa namna ambayo hazifunguki kwenye tope.

Jumanne jioni shangazi alimwomba risiti. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na tabia ya kuziweka risiti zote ndani ya Biblia ya marehemu mume wake, na hii haikuwamo. Gaude akaingia chumbani, akatoka na karatasi, akampa. Shangazi akaninyooshea, kama alivyofanya siku zote.

"Nisomee, mwanangu."

Ilikuwa risiti ya mwaka jana. Niliona mara moja. Tarehe ilikuwa ya mwaka jana, kiasi kilikuwa cha mwaka jana, na mahali pa kidato paliandikwa cha tatu. Gaude alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, ameegemea mlango, ananitazama machoni.

"Ni risiti ya shule, Shangazi," nikasema. "Jina lake limeandikwa kamili. Mhuri upo."

"Na pesa?"

"Imeandikwa imepokelewa."

"Mungu ashukuriwe." Akaikunja, akaiweka kwenye Biblia.

Sikusema uongo. Nilikuwa nimepanga kila neno. Nilisoma jina, nikasoma mhuri, nikasoma neno imepokelewa, nikaruka mstari wa tarehe, wa kiasi na wa kidato. Usingizi ulinijia vizuri siku hiyo. Nilijiona nimefaulu jaribu gumu.

Jumatano, baada ya mazoezi ya watumikiaji, nilimngoja katekista hadi wenzangu walipoondoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una nini?"

"Mtu akisikia maungamo ya mwingine, na huyo mwingine atapata hasara kubwa asiposaidiwa, anaweza kusema kidogo?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Kwa mtu mmoja tu. Mama yake."

Alifungua kinywa haraka, kwa furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake analijua. "Hata mmoja. Hata baba mtakatifu mwenyewe akiuliza. Wako waliokufa kwa ajili ya hilo, wewe!" Kisha akanipiga begani. "Unafikiria seminari? Vizuri sana." Hakuniuliza nani, wapi, wala lini. Simlaumu. Nilimuuliza kuhusu sakramenti, akanijibu kuhusu sakramenti. Hakuna namna angejua kwamba padri ninayemsema ni mimi, na kwamba kiti cha maungamo ni gunia la maharage.

Jambo ambalo nimelifikiria zaidi ya mengine yote ni namna Gaude alivyokuwa siku zile. Alianza kufanya uzembe. Alhamisi alirudi nyumbani saa sita mchana, akapika uji, akaacha sufuria chafu katikati ya nyumba. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jeupe la saruji iliyomwagika ghalani, wakati njia ya shuleni kwao ni udongo mwekundu, na aliviacha mlangoni vimeelekea ndani, mahali ambapo shangazi angevikanyaga. Wakati wa chakula aliuliza kwa sauti, "Padri, hivi siri ikioza, inanuka kama nini?"

Shangazi akasema, "Mezani tunaongea vya mezani."

"Namuuliza mtumishi wa Mungu, Mama. Labda inanuka kama dagaa."

Alinitazama. Mimi nikatazama ugali. Nilidhani ananipima. Nilidhani anataka kuona kama nitatetereka, na nilijivunia kwamba sikutetereka. Alipokwenda kunawa aligonga kichwa changu kwa kifundo cha kidole, si kwa utani. "Jiwe wewe," alisema. Nikaona ni sifa.

Ijumaa, saa nane mchana, nilikuwa kwenye kipindi cha jiografia. Mshale wa saa ya ukutani ulipita pale, na hakuna kilichotokea.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa namsaidia shangazi mezani baada ya shule. Alikuja mwalimu wa shule ya Gaude kutafuta koti. Alijaribu mawili, akachagua la kahawia, wakabishana bei. Shangazi akasema maneno yake yaleyale, kwamba hii ni bei ya kidato cha nne.

Mwalimu akaacha kufunga vifungo. "Mama Gaude," alisema polepole, "tulidhani mmeamua kumtoa."

"Kumtoa wapi?"

"Shule. Hatujamwona zaidi ya wiki mbili. Na mtihani hakulipiwa. Orodha ilifungwa Ijumaa."

Shangazi hakupiga kelele. Alimpokea koti, akalikunja, akaliweka mahali pake, akamwambia bei imeshuka, amrudishie kesho. Maneno hayakuwa na maana, na mwalimu akaitikia kama yana maana, akaondoka. Kisha shangazi akanigeukia.

"Ile karatasi uliisoma?"

"Niliisoma."

"Uliona nini?"

"Niliona ni ya mwaka jana."

"Lini uliona?"

"Wakati ule ule."

Fundi cherehani alikuwa ameacha kukanyaga mashine. Nikamweleza kila kitu: kitabu, maungamo, gunia, Salamu Maria tatu, na jibu la katekista. Nilieleza kwa utaratibu, nikiamini kwamba akiusikia mpangilio wake wote atanielewa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wewe ni padri?" aliuliza.

"Hapana, Shangazi."

"Basi."

Akavua kitenge cha juu, akajifunga upya, akaenda shuleni kwa miguu na pesa ya belo lililofuata mkononi. Mkuu wa shule alimpokea kwa heshima. Alimwonyesha nakala ya orodha. Majina yalikuwa yamekwisha kwenda.

Gaude nilimkuta nyuma ya ghala. Alikuwa anakula viazi. Nilimwambia kwamba mama yake amejua, na kwamba si mimi niliyesema, ni mwalimu.

Alitafuna akamaliza. "Najua si wewe," alisema. "Ungekuwa wewe, ingekuwa wiki iliyopita."

"Ulisema ole wangu nikisema."

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Nilikuwa na watu wangapi wa kuwaambia, dogo? Nina rafiki, nina binamu wengine, nina mbwa wa jirani. Nikamchagua mtu anayekaa na mama yangu, anayekula na mama yangu, anayemsomea mama yangu barua. Nikampa siku tano." Akatupa ganda la kiazi. "Nikampa na risiti mkononi."

Nilikuwa nimesimama kwenye vumbi jeupe la saruji, na viatu vyangu navyo vilikuwa vinageuka rangi.

Shule rasmi niliishia kidato cha nne, na mengine nimejisomea mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, kwa miaka mingi. Kile cha kwenye koti sijawahi kukijua jina wala mwandishi. Nimekisoma mara nne zaidi. Kila mara yule kijana hubadilika. Nilipokuwa na miaka ishirini nilimwona jasiri kwa sababu hakumwogopa mtu. Nilipopata watoto nilimwona mpuuzi, nikataka kumzaba kofi. Sasa naona jambo ambalo yule mwanafunzi wa kalamu ya bluu aliliona akiwa pengine na umri wa Gaude, kwamba matusi yote yale kwa walimu na kwa kasisi ni makelele ya mtu anayetaka mlango ufunguliwe. Anahesabu mikate kwa sauti ili mtu aulize mikate inaliwa wapi. Msemaji wa kitabu kile anatwambia sisi wasomaji kwa sababu hatuwezi kumshitaki kwa mama yake. Gaude aliniambia mimi kwa sababu nilikuwa naweza. Nilikuwa na mstari ule wa tatu, Anataka akamatwe, chini ya godoro, umeandikwa kwa wino, nimeutafsiri sawasawa, neno kwa neno.

Gaude hakutaka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ingawa shangazi alimsihi. Alishuka Kirando mwezi uleule. Alianza kwa kubeba magunia, akajifunza kutia mkono katikati kupima unyevu, na leo ana mashine mbili za boti na wajukuu. Tunapigiana simu. Kitabu anasema hakikumbuki. Salamu Maria tatu anazikumbuka, na huniuliza kama bei imepanda.

Shangazi hakunipiga, wala hakunishitaki kwa baba. Niliendelea kukaa kwake hadi nilipomaliza. Mara moja tu alilirudia jambo lile, Jumamosi ya wiki ileile, asubuhi, kabla hatujakwenda sokoni. Alinipa kalamu na kipande cha karatasi ya sukari akaniambia niandike. Hakuwa anajua herufi, lakini kwa hesabu hakuna mfanyabiashara wa Majengo aliyemweza. Alitaja bila kufikiri: kidato cha kwanza, elfu thelathini. Cha pili, elfu thelathini na sita. Cha tatu, elfu arobaini na mbili. Muhula huu, elfu ishirini na tano. Mtihani, elfu kumi na mbili na mia tano. Nikamuuliza kama niongeze sare na madaftari.

"Sare aliivaa," alisema. "Hiyo haikupotea. Jumlisha."

Nikajumlisha.

"Sasa nisomee. Soma yote, usiruke mstari."

Nikamsomea kidato kwa kidato, kiasi kwa kiasi, yeye akiwa amesimama juu yangu na kitenge begani, hadi nikafika chini ya karatasi: shilingi laki moja na arobaini na tano elfu na mia tano.